Meza Mbili, Familia Moja

Tuchukue mfano wa meli Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2004. Humo, chumba ulicholipia ndicho kinachoamua utakula wapi. Wenye vyumba vya juu kabisa hula Queens Grill, wanaowafuata Princess Grill, na abiria walio wengi Britannia.

Sasa mume na mke wamejilipia chumba cha juu. Nyanya na watoto wamewekwa katika chumba cha kawaida. Je, wamekosa? Kwa habari ya kulala, sina neno. Wenye ndoa wanahitaji faragha, na nyumbani huipata kwa nadra. Shida ni chakula cha jioni. Nyanya haruhusiwi kupanda kula kwao, lakini wao wakiomba nafasi wanaweza kushuka kula naye. Basi mzigo wa kusogea ni wao.

“Lakini tumelipia!” mume atasema. Kweli, mmelipia. Na wajukuu wakimwuliza nyanya mezani kwa nini mama hali nao, mmemwachia ajibu nini? Hayo mwayazungumze kabla ya kukata tiketi.