Fungu la Waliobaki na Mizigo

Fungueni Samweli wa Kwanza, sura ya 30. Siklagi ni majivu. Waamaleki wameswaga wanawake na watoto, na mashujaa wa Daudi wamelia hata nguvu za kulia zikawaishia. Watu 600 wanawafuatia adui. Kwenye kijito cha Besori, 200 miguu inagoma. Wanaachwa pale na mizigo. Ushindi ulipopatikana, midomo mibaya ikaanza: hawa hawakupigana, nyara wasipate! Daudi akakataa. Akaamuru wagawiwe sawa na waliopigana, na amri ile ikawa sheria katika Israeli.

Nani ameivunja sheria hiyo? Sisi!

Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa katika nchi hii, walioshika bunduki walikuwa wachache kuliko waliobeba mizigo. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na hesabu za serikali yenyewe zilikubali vifo zaidi ya 90,000. Mtu anachukuliwa shambani kwake, anatwishwa furushi la unga au sanduku la risasi, anapelekwa kusini mpaka mabonde ya Rufiji, masika ya 1917, maji kiunoni. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa ugali mbichi ambao matumbo yao hayakuuzoea. Ujira wa marehemu wengi haukuwafikia wajane wao. Ulibaki mikononi mwa Serikali ya Uingereza. Lo!

Na nyumbani je? Ulizeni Ugogo. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Waingereza wakaja, nao wakachukua. Mvua ilipokosekana, ghala halikuwa na kitu. Njaa ile wazee waliiita Mtunya, na inakadiriwa iliua watu 30,000. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, ndugu zangu, na bado watu walikuwa wanazikwa.

Nendeni Dar es Salaam mkaitazame sanamu iliyosimamishwa 1927: aliye juu ni askari, na singe yake. Nairobi angalau wamemsimamisha mpagazi kando ya askari. Kariakoo, walikopiga kambi wapagazi, sisi tunashindania bei ya vitenge!

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wa vita ile wasiopungua 116,000, huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Nashukuru wamekiri. Ila toba ya Mwingereza hainifutii mimi deni la babu yangu.

Wala msiniambie hayo ni ya kale. Katika viti hivi ameketi mama ambaye mumewe alikwenda vita vya Kagera na mgambo, 1978. Yumo kijana aliyekimbia Kivu na mdogo wake mgongoni. Mmewahi kuwauliza lolote zaidi ya habari za asubuhi? Mnawapa nguo zilizochakaa na kuiita sadaka! Daudi hakutoa masalio. Alitoa fungu kamili.

Basi amkeni! Leo, kabla jua halijatua, mwende kwa bibi aliye hai mkamwulize ni nani katika ukoo alichukuliwa akabebe mizigo asirudi. Jumapili ijayo daftari litakuwa mezani, kando ya kapu la sadaka. Mleteni kwa jina lake. Asiyejulikana jina, andikeni kijiji chake.