Arubuni ya Nafasi ya Mtoto kwa Mlezi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Katika viunga vya Dar es Salaam, upande wa Kinondoni na upande wa Temeke, na khasa Mwananyamala, Tandale, Tandika na Mbagala, kuna desturi ambayo wazee wa zamani hawakuijua. Zamani mtoto alilelewa na bibi yake, au shangazi yake, au jirani wa uani, wala hapakuwa na hesabu baina yao ila kibaba cha mchele au kanga ya Idi. Leo bibi yuko Rufiji au Kilwa, jirani ameamkia sokoni, na mama wa mtoto ana kazi yake. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 yampa mwanamke aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Zikiisha hizo, yampasa kurejea kazini. Ama yule auzaye vitumbua au samaki, huyo hana hata hizo siku 84. Basi hutafutwa mwanamke mwaminifu wa kumshika mtoto kutwa, na wanawake wa namna hiyo ni wachache, na mikeka yao hujaa upesi. Ndipo mwenye kituo anaposema: Lete arubuni, nikuwekee nafasi; ukighairi, fedha hairudi. Na mara nyingi husema hayo mimba ingali tumboni.

Je, fedha hiyo ni halali kwa mlezi? Na mwenye kuitoa, ana haki gani juu yake?

Neno lenyewe, arubuni, si geni. Kila mwanamume aliyeagiza kitanda kwa seremala au kanzu kwa fundi cherehani analijua, na kulijua kwake kumemsahaulisha kuuliza hukumu yake. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik, kwa njia ya Amr bin Shuaib, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza biashara ya arubuni. Na Imam Malik akaifasiri: ni mtu kununua kitu, au kukodi mnyama, kisha akatoa dinari kwa sharti kwamba akiacha kununua au kukodi, dinari ile ni ya yule mwingine bure. Msomaji atazame vizuri: kukodi kumetajwa pamoja na kununua, kwa hivyo asiseme mtu kwamba kulea si kuuza, na kwamba katazo halimfikii.

Na katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika pwani nzima tangu Lamu mpaka Unguja na kusini yake, biashara ya arubuni ni batili. Hiyo ndiyo kauli ya Mashafii, na Wamaliki na Wahanafi wako upande huo. Sababu yao iko wazi: mwenye kuipokea hula mali ya mwenzake bila ya kumpa kitu badala yake, na Mwenyezi Mungu amekataza hayo katika Suratun-Nisaa, aya ya 29.

Ama Imam Ahmad bin Hanbal, yeye ameijuzisha, na hadithi ile ameiona dhaifu kwa njia yake. Hoja yake ni kitendo cha Nafi bin Abdul-Harith, liwali wa Makka katika zama za Sayyidna Umar. Alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya iwe gereza, kwa dirham 4,000, kwa sharti kwamba Umar asiporidhika, Safwan apate 400. Na katika mwaka 1993, Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu ilipokutana Brunei, ilikubali kauli hii kwa sharti moja: muda wa kungojea uwekwe na ujulikane. Wenye kuifuata wanasema kwamba mlezi aliyewakataza wengine kwa ajili ya mtu mmoja amepata hasara ya kweli. Na ni kweli. Nafasi iliyokaa tupu mwezi mzima ni unga uliokosekana katika nyumba yake.

Basi mlezi afuataye kauli hii asitukanwe, lakini na ajue mpaka wake. Kusema "nitakuwekea mpaka utakapokuja" hakutoshi. Aseme "mpaka mwezi kumi Shaabani" au "mpaka siku ya kwanza ya Julai". Na asipokee arubuni za watoto kumi na wawili hali mikeka yake ni minane, akitumaini kwamba wanne watabadili shauri. Hii si arubuni katika madhehebu yoyote. Ni ghushi, na haina tofauti na lile fungu la nafaka sokoni Madina, ambalo Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani yake akakuta maji chini na ukavu juu, akamkana mwenye kughushi.

Ama Mshafii atakaye kutoka katika khitilafu, iko njia, na si ngumu. Mafakihi wameigawa ijara mafungu mawili. La kwanza ni kumkodi mtu kwa nafsi yake, na hili halisihi kwa wakati ujao: haiwezekani leo kumkodi Bi Fulani mwenyewe kwa kazi itakayoanza miezi mitatu mbele. La pili ni kukodi kazi iliyo katika dhima, yaani kulelewa mtoto kwa sifa zinazojulikana, awe mlezi ni yeye au mwingine atakayemweka. Hili laweza kuakhirishwa, lakini ujira wote hukabidhiwa pale pale penye mapatano. Basi baba atoe ujira wa mwezi wa kwanza mzima, si kipande chake. Mlezi akikaa tayari mwezi huo wote, na baba kwa hiari yake asimlete mtoto, ujira ni wa mlezi, kwa sababu ametoa alichoahidi. Tena katika Minhaj imeelezwa, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kwamba mtoto aliyetajwa kwa kunyonyeshwa aweza kubadilishwa kwa mwingine. Kwa mfano huo baba aliyepata safari aweza kumpa nafasi ile mtoto wa ndugu yake, na mlezi asidai ada mpya kwa jambo hilo, maadamu watoto wanakaribiana umri na taabu.

Lakini hayo yote ni kwa mtoto aliyekwisha zaliwa. Mafakihi wameshurutisha mtoto wa kunyonyeshwa aonekane au asifiwe, na aliye tumboni nani atamsifu? Huenda wakawa pacha, huenda akawa na maradhi yatakayo mlezi mwingine. Kwa mimba hapana ila ahadi. Baba akipenda kuweka fedha, iwe amana. Na mlezi akiitumia kwa idhini yake imekuwa deni, airudishe ikitakiwa. Akitoza kidogo kwa kazi aliyokwisha ifanya kweli, kama kununua godoro dogo aliloagizwa, hiyo ni haki yake.

Na hapa yafaa wanaume waambiwe jambo wasilopenda kulisikia. Wako wenye kuukumbuka ubatili wa arubuni siku ile wanapodaiwa shilingi elfu thelathini na mwanamke wa Mtoni, na hawakuukumbuka walipoipokea kwa mnunuzi wa kiwanja. Wengine humwachia mke ndiye alipe mlezi kutoka katika mkoba wa vitumbua vyake, kana kwamba kumlea mtoto ni starehe ya mama. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Baqara, aya ya 233, amemwekea baba juu yake chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye. Na katika Suratut-Talaq, aya ya 6, ameamrisha wanawake wanaonyonyesha wapewe ujira wao. Mwenye kuamrishwa ni mwanamume. Na katika Sahihi ya Bukhari, mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake timilifu, asimpe ujira wake. Mlezi hungojea mwisho wa mwezi, kisha tarehe tano, kisha kumi, na kila asubuhi anampokea mtoto yule yule kwa sababu hawezi kumwacha mlangoni. Ndiyo maana anataka arubuni. Laiti wanaume wangelipa kwa wakati, wengi katika walezi hawa wasingeitaja.

Mapatano yaandikwe, kama ilivyoelekezwa katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara: jina la mtoto, siku, saa za kumleta na kumchukua, ujira, na fedha iliyotolewa ni amana au ni ujira. Na baba aulize kama kituo kimeandikishwa, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka hivyo.

Limebaki moja. Mtoto akifa kabla ya siku yake ya kwanza kwa mlezi, na fedha imekwisha tolewa, mlezi aweza kusema mapatano ni mapatano. Lakini Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Muslim, amemkataza aliyeuza matunda yakapatwa na msiba asichukue kitu kwa nduguye, akauliza ni kwa haki gani atakula mali yake. Maulamaa wamekhitilafiana: wengine wameufanya msamaha huo wajibu, na Imam Shafii katika kauli yake mpya ameufanya sunna. Na aliyemtoa Muislamu mwenziwe katika mapatano ameahidiwa kwamba Mwenyezi Mungu atamwondolea makosa yake Siku ya Kiyama. Basi mlezi akienda matangani Mbagala, na aende na bahasha ile. Na ikiwa nafasi imepata mtoto mwingine kabla ya arobaini ya msiba kwisha, hapana hasara iliyobaki mkononi mwake ya kulipwa.