Mkono wa Birika, Bei ya Chini

Tuanze na chupi. Mwaka 1945 Sam Walton, kijana wa miaka 27 aliyekuwa ametoka jeshini, alichukua duka dogo lenye jina la Ben Franklin katika mji wa Newport, jimbo la Arkansas, Marekani. Mtaji ulikuwa dola 25,000, na 20,000 kati ya hizo alikopeshwa na baba mkwe wake. Kampuni iliyompa jina la duka ilitaka anunue mzigo kwake. Chupi za kike ilimuuzia dola 2.50 kwa dazeni, naye akauza tatu kwa dola moja. Hakutulia. Alitafuta mpaka akampata wakala wa New York aliyekuwa na chupi za aina hiyohiyo kwa dola 2. Mwenye duka wa kawaida hapo angechekelea: bei ya kuuzia ileile, faida juu. Walton akaziweka mezani nne kwa dola moja.

Piga hesabu nawe. Dazeni ya mwanzo ilimwachia dola 1.50, hii mpya dola 1 tu. Kajipunja? Subiri. Akitoa dazeni mbili katika muda ambao zamani alitoa moja, tayari yuko mbele, na aliyefuata chupi ana macho, anaona na rafu nyingine. Pesa inayozunguka haraka inanunua mzigo tena wakati ya jirani bado imelala kwenye vumbi. Juu ya hesabu hiyo moja ndipo Walmart, kampuni yake ya maduka, ilipojengwa.

Ukishaielewa, hata ubahili wake hautakushangaza. Mwaka 1985 jarida la Forbes lilimtaja kuwa tajiri nambari moja Marekani. Waandishi walipomfuata mjini kwake, Bentonville, walimkuta na pikapu ya Ford ya mwaka 1979, ina vizimba vya mbwa wake wa kuwindia. Nywele alikata kwa kinyozi wa mjini kama watu wengine. Safari za kikazi yeye na wenzake walilala wawili wawili chumba kimoja, hoteli za bei nafuu, bosi akiwemo. Watu walicheka, wengine wakadhani anaigiza. Lakini aliyeamua kuuza kwa bei ya chini hawezi kuishi kwa gharama ya juu. Kila dola iliyopotea ofisini ingebidi ailipe mteja.

Wewe je? Duka lina miezi sita, na tayari umebadilisha simu, viatu na meza ya baa. Mauzo si faida, ndugu yangu! Ile noti unayochomoa kwenye droo mchana kwa sababu "ni duka langu" ni mzigo wa wiki ijayo. Mwenzako Walton alipokuwa akijifunza kazi katika duka la J.C. Penney mjini Des Moines mwaka 1940, kwa mshahara wa dola 75 kwa mwezi, mwenye kampuni mwenyewe alipita siku moja akamwonyesha namna ya kufunga bidhaa kwa karatasi na kamba kidogo kabisa, na bado ikapendeza. Tajiri mzima, kasimama kaunta, anapima kamba! Kijana yule hakusahau.

Wala hakuona haya kujifunza kwa washindani. Aliingia madukani mwao na daftari na kinasa sauti, akinong'ona bei na mpangilio wa rafu. Siku moja alinaswa katika duka la Price Club, San Diego, kanda ikachukuliwa. Akaandika kikaratasi cha kuiomba, na mwana wa mwenye duka akamrudishia. Mara ya mwisho wewe kuingia duka la jirani kwa nia ya kujifunza, badala ya kumsengenya, ilikuwa lini?

Kuna upande wake mmoja ambao mimi siununui. Miaka ya mwanzo aliwalipa wafanyakazi kiduchu, na mwenyewe alikuja kukiri hivyo katika kumbukumbu zake. Mpango wa kuwagawia faida ulikuja 1971. Jibane wewe mwenye duka. Msichana wa kaunta mwache ale.

Na kama umewahi kupoteza duka, sikiliza. Katika miaka mitano duka la Newport lilipanda kutoka mauzo ya dola 72,000 kwa mwaka hadi 250,000. Ndipo mkataba wa pango ukaisha, na haukuwa na kifungu cha kuuongeza. Mwenye jengo akakataa katakata, alilitaka duka lile kwa ajili ya mwanawe. Walton akaondoka na mke na watoto wanne, akiwa na miaka 32, biashara bora mjini imebaki nyuma. Akahamia Bentonville, mji wa watu kama 3,000, akafungua duka jingine mwaka 1950. Alipotaka kulipanua kwa jengo la jirani, alidai mkataba wa miaka 99. Walmart ya kwanza ilifunguliwa katika mji wa Rogers tarehe 2 Julai 1962, naye ana miaka 44.

Kwa hiyo acha kusema umechelewa. Leo jioni ukishafunga hesabu, toa mkataba wako wa pango na usome kifungu cha kuongeza muda. Kama hakipo, kesho asubuhi uwe kwa mwenye nyumba, mmalizane kwa maandishi sasa hivi, maana duka likishachangamka, bei ataipanga yeye.