Nasaha juu ya Wajigeuzao kwa Simu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ichukuliwe mfano wa mtu wa Mvumi, wilaya ya Kilosa, aliyeuza mpunga wake, na fedha zimo katika simu. Kabla ya Adhuhuri simu yalia. Asemaye ajiita mwalimu: mtoto ameanguka shuleni, yuko hospitali, zitumwe fedha za dawa sasa hivi. Baba hutuma huku mkono watetemeka. Alasiri mtoto arejea nyumbani mzima.

Hila hizi ni nyingi. Huyu hujiita mwenye nyumba, akataka kodi itumwe kwa namba mpya. Yule hujiita mtumishi wa kampuni ya simu, akauliza namba ya siri. Mwingine hudai fedha zake zimekuingia kwa makosa. Mlango wao ni mmoja, nao ni haraka. Taarifa za TCRA za mwaka 2024 ziliutaja mkoa wa Morogoro, ilimo Kilosa, pamoja na Rukwa, katika mikoa iliyozidi kwa ulaghai huu. Wala mtu wa Tanga au Bagamoyo asijione yuko mbali, kwani simu haina masafa.

Huenda mtu akasema: kumshuku Muislamu ni dhana mbaya. Jawabu ni kuwa katika Surat al-Hujurat Mwenyezi Mungu ameamrisha kuhakikisha khabari, aya ya 6, na katika sura hiyo hiyo amekataza dhana nyingi, aya ya 12. Basi amri mbili hizi hazipingani. Ahakikishaye hamtuhumu mtu. Hutafuta ukweli, na akiupata, mkweli hapungukiwi na kitu.

Tena mafakihi wamesema kuwa yakini haiondoki kwa shaka. Salio lako ulilolitazama mwenyewe ni yakini. Ujumbe wa mtu usiyemjua ni shaka. Na alipaye deni kwa asiyekuwa mwenyewe wala wakili wake, deni lingali shingoni mwake. Kodi aliyopewa mlaghai haikulipwa, na mwenye nyumba ana haki ya kuidai.

Basi simu ya namna hii ikija, ikate, kisha mpigie mwalimu au mwenye nyumba kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Kampuni za simu humpigia mteja kwa namba 100 tu. Namba ya siri ni amana, haambiwi mtu. Fedha zikiwa kweli zimeingia kwa makosa, si halali kuzila; lakini zirejeshwe kwa njia ya kampuni, si kwa mkono wako. Na namba ya mlaghai ipelekwe kwa ujumbe kwa 15040, kwani kujifanya mtu mwingine ni kosa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Aliyekwisha kuibiwa asifiche kwa haya. Aibu ni ya mwizi. Akinyamaza, kesho simu ile italia kwa jirani yake. Akisema, huenda akaokoa mali ya msikiti mzima.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie mali zetu na dini zetu. Amin. Wallahu aalam.