Ua Hili ni la Nani?

Mwishoni mwa mwaka jana niligombana na binti mmoja juu ya ua. Si ua la bustani. Ni ua la foronya.

Ninaishi Kagarama, upande wa Rukatsa, kwenye chumba chenye meza moja kubwa. Kazi yangu ni kuchora maua ya vitambaa vya nyumbani: rido, foronya, vitambaa vya meza, mito ya kochi. Mnaonijua toka Kiziba mnakumbuka nilianza na sindano tu. Sasa ninakata umbo kwenye plastiki ngumu, ninapaka rangi kwa sponji juu ya pamba, halafu ninapiga pasi ya moto kwa nyuma ili rangi isitoke kwa kufua. Ua linaloniuzia sana lina petali tano na jani moja lililokunjwa. Wateja wanaliita "lile ua la sikio".

Binti yule nilimfundisha miezi minne. Siku moja nikakuta foronya zenye ua la sikio zinauzwa kambini kwa nusu ya bei yangu. Nikamwita, nikamuita mwizi. Akanijibu polepole: "Yaya, ile maua si ni ya kwetu? Mama yangu naye alikuwa nayo ku kitambaa ya meza." Nikamfukuza.

Usiku ule usingizi haukuja, maana alikuwa amesema kweli. Ua lile sikulitunga mimi. Mama yangu alilidarizi kwenye mashuka yetu kule Masisi. Yeye alijifunza kwa masista, na masista walikuwa na kitabu cha mifano kilichotoka Ulaya. Mama hakuwahi kuliona ua lenyewe likiota. Sikio lile lilikuwa kosa: uzi ulimvuta jani, akasema basi, likae hivyo. Majirani wakaiga na kosa lake.

Basi langu ni lipi? Nilijitetea hivi: langu ni namna ya kulirudia. Wasiofanya kazi hii hawajui kwamba kuchora ua moja ni rahisi, taabu ni kulifanya lijae kitambaa bila mshono kuonekana. Unachora ua katikati ya karatasi bila kugusa kingo. Unaikata karatasi vipande vinne, unavibadilishia nafasi: cha juu kushoto kinakwenda chini kulia, cha juu kulia kinakwenda chini kushoto, na vya chini vinapanda vivyo hivyo. Sasa kingo zote zimekutana katikati, na pale katikati pana nafasi tupu. Hapo unachora majani ya kuunganisha. Kazi hiyo ilinila wiki tatu. Lakini hata hiyo njia nilifundishwa.

Nikaangalia mbali zaidi, nikakuta hali ni ileile. Kitenge tunachokiita cha Afrika kina baba Mholanzi: Vlisco ilianza Helmond mwaka 1846, na Waholanzi walikuwa wakiiga batiki za Java. Kiwandani mchoro unapewa namba. Jina wanalipa akina mama wa sokoni. Chukua na lile umbo la kanga ambalo watu wa pwani wanaliita korosho. Wahindi na Waajemi walilichora kabla, Waingereza wakaliita Paisley kwa sababu mji huo wa Uskoti ulisuka shali za kuiga zile za Kashmir, na mkorosho wenyewe ulitoka Brazil. Ukitaka kumpata mwenye umbo hilo utatembea mpaka viatu viishe.

Kwa hiyo hakuna mwizi duniani? Hapana, siwezi kusema hivyo, maana nami nimeibiwa. Mnunuzi mmoja alikuja kwangu akaagiza mito 20 ya sampuli, akasema ataleta oda kubwa. Hakurudi. Baadaye nikaona rido za kiwandani zenye mchoro wangu, hadi pale kona ya chini nilipokosea kuunganisha jani. Kikaratasi kilichobandikwa kilisema zimetokana na mikono ya wanawake wakimbizi. Mkono gani? Hakuna aliyelipwa.

Hapa ndipo swali linaponibana. Kama binti si mwizi kwa sababu ua ni la wote, basi na mnunuzi si mwizi. Na kama mnunuzi ni mwizi, kwa nini nimhurumie binti? Kusema "yeye ni maskini" hakutoshi. Umaskini unaeleza kwa nini mtu amechukua. Haugeuzi cha mwenzako kuwa chako.

Nadhani kosa langu lilikuwa kuuliza ua ni la nani. Ua halina mwenyewe. Kazi ndiyo yenye mwenyewe. Wanawake wa Nyakarambi kule Kirehe wanachora imigongo. Leo michoro ile iko kwenye kuta za hoteli na kwenye vikapu, na haikufa kwa kuigwa. Ila mtu anapouza ubao walioufinyanga wao kwa samadi ya ng'ombe na kuupaka rangi, lazima awe amewalipa, na asiseme ni wake.

Nikapima kwa kipimo hicho. Mnunuzi alichukua kazi yangu yote na kona yake mbovu, kisha akauza na hadithi yetu juu yake. Huo ni wizi. Binti je? Ua lilikuwa lake kama lilivyo langu. Lakini plastiki aliyotumia niliikata mimi, alinakili usiku bila kuomba. Hapo alikosa.

Halafu kipimo kikanigeukia. Miezi minne binti alikata, alipaka, alipiga pasi. Nilimpa nauli na chakula. Mshahara sikumpa, nilisema, "ninakufundisha". Foronya alizopiga rangi yeye niliziuza kwa jina langu. Sasa mwizi wa kwanza ni nani?

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mara mnatuambia tulinde michoro yetu, mara mnatuambia tushirikiane na wenzetu. Yote mawili ni mazuri. Ila kabla ya kutoa semina, ulizeni jambo dogo: nani alifanya kazi, na alikula nini?

Nilipanda basi Nyabugogo hadi Karongi, nikapanda Kiziba. Nilikuwa nimehesabu siku zake kwenye daftari na kuweka pesa kwenye bahasha. Nikamwomba msamaha kwa lile neno. Alizihesabu mbele yangu, noti moja moja, akasema, "Asante, yaya." Nikamwambia nafasi yake ipo. Akasema atafikiri.

Hajarudi. Ameshakata plastiki yake mwenyewe. Sikio la ua lake linaelekea kushoto, langu kulia. Bado anauza kwa bei ya chini na bado ananipunguzia wateja. Inaniuma, sitaficha. Lakini siku hizi nikiumia sisemi tena nimeibiwa.