Ukuta Wangu na Mikoko ya Mungu

Somo: Ayubu 12:7–8

Haya ndiyo mahubiri ya Jumapili, pamoja na yale niliyoyaruka kwa sababu ya muda.

Ayubu alikuwa amekaa na marafiki wenye majibu. Kila mmoja alijua Mungu anafanya nini na kwa nini. Ayubu akachoka, akawaambia (kwa maneno yangu mimi) waende wakaulize wanyama na ndege, waseme na ardhi, hata samaki wa baharini wana la kuwaeleza. Mistari hiyo nimeisoma tangu niko Shule ya Jumapili, na siku zote nilijiona niko upande wa Ayubu. Mwaka huu nimegundua mimi ni mmoja wa wale marafiki.

Si mnaujua ule ukuta? Kiwanja chetu cha nyuma kilikuwa kinaliwa na bahari, kila maji ya bamvua yakija yanaondoka na kipande. Mimi ndiye niliyesimama mbele yenu na makaratasi. Nina digrii ya biashara, najua kuandika pendekezo likapendeza. Nikasema tujenge ukuta wa mawe na saruji, tumalize hiyo habari. Mkatoa. Kuna mama hapa alileta pesa za mahamri za wiki nzima, bado zimefungwa kwenye pindo la leso. Na kabla fundi hajachimba msingi, vijana waling'oa miche ya mikoko iliyoota pale. Ni mimi niliyewaambia wang'oe. Niliiita magugu.

Jirani yetu, mzee mvuvi, Muislamu, alipita siku ile akasimama. "Pasta, mwanangu," akasema, "hayo maji mkiyazuia hapo, yataenda wapi?" Nikamjibu kwa heshima, "Usijali mzee wangu, tumeshapima." Akatabasamu, akaenda zake kwenye mashua.

Ukuta ulisimama msimu mmoja. Kusi ilipoingia na bamvua kubwa, ukalala. Nendeni mkauangalie: haukuvunjika juu, ulichimbwa chini. Wimbi likigonga kitu kigumu haliishi pale. Linarudi na nguvu zake, na likirudi linakokota mchanga ulioko mguuni pa ukuta. Siku baada ya siku, mpaka msingi ukabaki hewani.

Wiki iliyofuata nilimtafuta yule mzee. Hakunicheka. Maji yalipokupwa alinipeleka hatua chache tu kutoka kwetu, mahali ambapo hakuna aliyeng'oa kitu. Ardhi iko pale pale. Akaniambia, "Tazama miguu." Mkoko hausimami kwa mguu mmoja. Mizizi yake inashuka kutoka kwenye shina kama magongo, mingi, imejipinda, na katikati yake kuna nafasi. Maji yanaruhusiwa kupita, ila yakipita kwenye ile mizizi yanachoka, na maji yaliyochoka hutua mzigo. Tope linashuka, linashikwa, ardhi inaongezeka. Yaani sisi tulinunua saruji ili bahari ituchukulie mchanga, na mti unaletewa udongo bure.

Kila mti pia una zamu yake. Mlilana uko mbele unakopokea wimbi, mkoko nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi. Na mbegu ya mkoko! Haianguki ikiwa mbegu. Inaota ikiwa bado juu ya mama yake, inarefuka kama rula, ndipo inaachiliwa. Ikikuta tope inasimama, ikikuta maji inaelea mpaka ipate mahali. Niliwaza vijana wetu tunaowatuma Nairobi bila mzizi wowote, lakini hilo ni hubiri jingine.

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti yetu hii. Tukivuka kutoka Mokowe tunapita kando yake tukiangalia simu.

Sulemani tunamkumbuka kwa kesi ya wale akina mama wawili na mtoto. Someni 1 Wafalme 4:33. Mtu aliyejenga hekalu alikuwa pia mtu wa kusoma miti, mikubwa na midogo, na ndege, na samaki. Ndugu mmoja aliniuliza baada ya ibada kama sasa tunaanza kuabudu miti. Hapana. Ukisifu mlango wa Lamu uliochongwa vizuri, fundi wake hawezi kukasirika.

Wengine wameshaanza kuuliza namna hii. Kule Harare kuna jengo la Eastgate, lilifunguliwa 1996. Mchoraji wake, Mick Pearce, alitazama vichuguu vya mchwa. Usiku hewa ya baridi inapitishwa ndani, saruji inaihifadhi ile baridi, na mchana joto linatoka kwa dohani za juu. Halina mitambo ya kawaida ya kupoza hewa. Cha kuchekesha, mwaka 2008 watafiti waliandika kwamba kichuguu chenyewe hakifanyi kazi hivyo hasa, kinapumua zaidi kama mapafu. Mwanafunzi alisoma nusu ya somo, na bado jengo likasimama. Basi nimeichukua tena ile ramani yangu ya ukumbi mpya, yenye feni nane, jenereta na madirisha madogo. Nitakaa nayo kwanza ndani ya nyumba ya mawe ya zamani, saa saba mchana.

Sasa, kamati ya ujenzi inakutana Jumamosi, na baadhi yenu mnataka ukuta mwingine, mnene zaidi. Ninawaelewa. Mikoko itachukua miaka, na sitawaficha, kabla haijashika tunaweza kupoteza kipande kingine. Hata miche yenyewe hufa ikipandwa mahali pasipo pake, ndiyo maana nimewaomba watu wa misitu, KFS, waje kupaangalia kwanza. Kule Mtangawanda, kisiwani Pate, kuna kikundi cha kina mama wanaopanda. Idara ya Wanawake, naomba wawili wenu twende nao tukajifunze.

Pendekezo langu la ukuta wa pili nimeliondoa. Yule mama wa mahamri nimeshaenda kwake kuomba msamaha. Alinikaribisha chai, kisha akaniuliza miche itapandwa lini. Mzee jirani amekubali kutuonyesha mahali. Mimi na vijana tutatangulia na mitaimbo maji yakipwa, tuyatoe yale mawe kwenye njia ya maji.