Nani Ana Haki ya Kupangusa?

Sisi wapenda kalamu tuna swali moja tunalolikwepa kwa sababu linaharibu raha: ukishapiga picha ukurasa ulioandikwa kwa mkono, una haki ya kuufuta? Siulizi kama inawezekana. Inawezekana, tena kwa wepesi unaotisha. Nauliza haki.

Kwanza kitu chenyewe. Daftari la kutumika tena, lile linalouzwa kwa jina la Rocketbook, lina kurasa ambazo si karatasi hasa. Ni kitu laini cha jamii ya plastiki. Unaliandikia kwa kalamu za Pilot FriXion. Ukimaliza unafungua programu kwenye simu na kupiga picha. Chini ya ukurasa kuna alama ndogo saba. Unatia tiki kwenye mojawapo, na ukurasa unajipeleka pale ulipopanga mwenyewe, iwe ni baruapepe au Google Drive. Halafu unachukua kitambaa chenye maji, unapangusa, na ukurasa unabaki mweupe kama sahani iliyooshwa.

Mwaka 2020 kampuni hiyo ilinunuliwa na BIC kwa dola milioni 40. Nilipoisikia habari hiyo nilicheka kidogo. Ni BIC hao hao wa biki, kalamu iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950 na ambayo kwetu ilikuwa cheti cha kuwa mkubwa. Shule ya msingi unaanza na penseli na raba. Siku mwalimu anapokuruhusu kushika biro, raba inastaafu. Kuanzia hapo kosa lako linakatwa kwa mstari mmoja na linabaki pale pale, linasomeka. Hospitalini na benki bado wanafanya hivyo: kosa linakatwa mstari, unatia sahihi kando yake, na atakayekuja baadaye anaona ulichoandika na ulichobadilisha. Nadhani hilo lilikuwa somo la maadili lililojificha ndani ya somo la mwandiko.

Wino wa FriXion, nao, una tabia zake. Ukiutumia kwenye karatasi ya kawaida, joto la nyuzi 60 hivi linaufanya usionekane. Si lazima uusugue. Ukiacha daftari kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, au jikoni karibu na mafiga, linaweza kujisahau lenyewe. Baridi kali, chini kabisa ya nyuzi sifuri, huurudisha wino. Kwa hiyo siri uliyoifuta kwa joto inaweza kufufukia kwenye friza ya bucha. Kampuni yenyewe inaonya kwamba kalamu hizi zisitumike kutia sahihi hati za kisheria. Shikilia hilo onyo, tutalihitaji.

Swali hili lilinikuta Kanyakine, Imenti Kusini, kwenye mkutano wa chama cha akina mama wanaolima kahawa na ndizi. Chama si kikubwa: kuna mzunguko wa kila mwezi, kuna mikopo midogo, kuna faini ya kuchelewa. Kila kitu kimeandikwa kwenye kaunta buku lenye jalada gumu, linalotunzwa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine. Kuna safu ya jina, safu ya pesa, safu ya sahihi. Asiyeandika anabonyeza kidole gumba kwenye wino na kukiweka pale.

Katibu mpya, binti aliyemaliza chuo juzi juzi, alikuja na daftari la kupangusa. Hoja zake zilikuwa safi. Kaunta buku la kwanza lililiwa na mchwa. La pili lilimwagikiwa na mafuta ya taa. Picha haziliwi na mchwa. Na daftari moja lingetosha miaka, badala ya kununua jipya kila linapojaa.

Akina mama walilishikashika lile daftari, wakalisifu. Halafu mmoja wa wakubwa akauliza, “Na kidole changu kitaenda wapi?”

“Shosho, kitakuwa kwa simu.”

“Simu ya nani?”

“Yangu.”

Mkutano ukanyamaza. Hakuna aliyemtilia shaka yule binti, wengi walimjua tangu akiwa mgongoni mwa mamake. Lakini mama yule alikuwa ameuliza maswali mawili ambayo sijaona mtu wa kalamu akiyauliza, na nimesoma maneno mengi sana kuhusu kalamu.

Chukua la kidole. Kurasa zile zimetengenezewa wino wa aina moja. Ukiweka wino mwingine huenda usitoke kabisa. Ina maana sahihi zote za walioenda shule zingepanguswa kila mwisho wa mwezi, na kidole cha asiyeenda shule kingebaki kama doa, kitu kilichoharibu daftari la watu. Mwandiko wake pekee ndio ungehesabiwa kuwa uchafu. Hakuna aliyekusudia hivyo. Kifaa kilibuniwa na watu ambao mezani kwao kila mtu ana kalamu.

Lakini kidole kile kilikuwa kinafanya kazi gani? Huwa tunasema kuandika ni kuhifadhi habari, na kama ni habari tu, basi picha inatosha: fulani alikopa elfu tatu, akarudisha. Sahihi haiongezi habari. Inaongeza mwili. Inasema nilikuwa hapa, karatasi hii na mimi tuligusana. Picha ya mguso ni habari kuhusu mguso, na haitoshi pale watu wanapoanza kubishana. Sheria yetu inaijua tofauti hiyo. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinakubali rekodi za kielektroniki mahakamani, ila kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Yaani picha inahitaji mtu wa kuisemea.

Sasa la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Simu ya nani?

Mwaka 1925 Sigmund Freud aliandika makala fupi kuhusu kifaa cha watoto: kibao cha nta chenye karatasi nyembamba juu. Unaandika kwa kijiti, unainua karatasi, maandishi yanatoweka. Freud alipenda kwamba nta iliyo chini hubaki na alama za kila kilichowahi kuandikwa, hata kama juu ni peupe. Aliona hapo mfano wa akili ya mtu. Mimi naona daftari la yule binti. Ukurasa unasahau, nta inakumbuka, na nta ndiyo simu. Tofauti ni kwamba nta ya Freud ilikaa ndani ya kibao kile kile. Hii ya sasa iko mfukoni mwa mtu mmoja, nyuma ya nywila yake.

Kaunta buku lilikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyeipanga: lilifunguliwa mezani na kila mtu aliweza kuinama na kuangalia. Hata asiyesoma alijua kidole chake kiko ukurasa gani, upande gani. Ukiupangusa ukurasa na kubaki na picha, kumbukumbu haijapotea. Imehama mwenye.

Najua kuna mtu anasema, si tuache kuabudu makaratasi? Sawa. Pwani, kwa vizazi, watoto wa chuoni waliandika aya kwenye ubao wa mbao, wakahifadhi, wakaosha ubao, wakaandika nyingine. Hakuna aliyelia. Lakini tazama mpango ule: huoshi mpaka maneno yameingia kichwani mwa yule yule aliyeyaandika. Kufuta kulikuwa zawadi ya kujua. Sisi tunafuta ili tusilazimike kujua. Nina picha mia kadhaa za madaftari yangu kwenye Drive, na ni nadra sana nizifungue.

Na katika nchi hii neno kufuta lina historia. Kabla ya kuondoka, wakoloni walichoma baadhi ya mafaili yao na kusafirisha mengine Uingereza. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ilipokuwa mahakamani London, ndipo ikajulikana kwamba shehena ya hayo mafaili imekaa Hanslope Park muda wote huo. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9. Naye Gakaara wa Wanjaũ, alipokuwa kizuizini, aliandika shajara kwa siri na kuificha. Ilitoka kama kitabu mwaka 1983 na ikapata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Upande mmoja unachoma, upande mwingine unaficha karatasi. Mzee anayekataa daftari lisibadilishwe anaweza kuwa anakumbuka kitu ambacho wewe umekisoma tu.

Ila siwezi kuishia hapo, kwa sababu kutunza nako kuna ukatili wake. Kwa miaka mingi kila ukienda kwa wakala wa M-Pesa uliandikwa kwenye kitabu: jina, kitambulisho, simu, pesa, sahihi. Kitabu kilikaa kaunta na kila aliyekuja baada yako aliweza kukusoma. Wasichana wangapi walipigiwa simu usiku na mtu aliyenakili namba pale? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 40, inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Ni sheria nzuri. Kuna ukurasa ambao heshima ni kuupangusa.

Kwa hiyo mstari naupitisha hapa, na nitaubeba mpaka anionyeshe mtu mahali bora. Yale niliyoandika kwa ajili yangu, orodha, mawazo ya saa nane usiku, mashairi mabovu, napangusa nikiimba. Pale ambapo jina la mtu mwingine limo, ukurasa si wangu hata kama mwandiko ni wangu. Kuufuta ni uamuzi wake pia, na kuutunza ni uamuzi wake pia, na picha inahesabiwa kama ukurasa. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo tunayoisahau. Anayepangusa daftari huku akibaki na picha hajafuta chochote. Amekunyima tu nafasi ya kuangalia.

Chama kile cha Kanyakine kiliamua bila falsafa yangu. Kaunta buku linabaki, na kidole kinabaki. Kila mkutano ukiisha, katibu anapiga picha kurasa za siku hiyo na kuzituma kwa simu tatu, yake na za wanachama wawili wasio ndugu. Daftari la kupangusa analitumia kwa ajenda, na mtoto wake wa dada huchorea ng’ombe.

Limebaki jambo moja. Mwanachama mmoja alishindwa kulipa mwaka ule mumewe alipolazwa, na ukurasa wake umejaa faini. Alilipa yote baadaye, shilingi kwa shilingi, na kitabuni deni limekatwa kwa mstari, sahihi kando. Lakini picha iliyopigwa kabla ya hapo haina mstari. Aliuliza kama inaweza kukatwa nayo. Katibu akamwambia anaweza kuifuta kwa simu yake, ila zile mbili nyingine hana uwezo nazo, na mmoja wa wale wawili alikuwa ameshamtumia binamu yake.